Maswali ya Wasomaji: Mitishamba ya Kutuliza Akili na Kuleta Usingizi

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: dawa za mitishamba za msongo wa mawazo na usingizi zinanywewaje, zinafaa nani, na zinagombana na nini. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Mfamasia na daktari wetu wamezijibu pamoja.

Habari za kazi. Nina miaka 41, nauza vitenge Kariakoo. Tangu marejesho ya mkopo yaanze kunibana, silali. Usingizi unanichukua saa 5 usiku, ikifika saa 9 macho makavu mpaka adhana. Shoga yangu kaniagizia kopo la ashwagandha mtandaoni, mbele limeandikwa miligramu 1,200. Nimekunywa siku nne sijaona kitu. Niongeze? — Mama wa vitenge, Magomeni

Usiongeze, dada. Kwanza geuza kopo usome nyuma. Ile 1,200 ya mbele mara nyingi ni jumla ya kapsuli mbili au tatu. Nyuma, kwenye jedwali, ndipo panapotajwa kapsuli ngapi zinahesabiwa kuwa dozi moja.

Kisha angalia kilichomo ni unga wa mzizi au ni kiini kilichokamuliwa kwenye mzizi. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Katika tiba ya jadi ya India unga wa mzizi hutumika gramu 3 hadi 6 kwa siku, na kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba karibu gramu 3. Kiini kimekolezwa. Kikiandikwa 10:1, maana yake miligramu 300 zimetoka kwenye gramu 3 za mzizi mkavu. Anayechota kiini kwa kijiko akidhani ni unga wa kawaida anakunywa dozi ya siku kumi kwa mkupuo. Tafiti nyingi za ashwagandha kwa msongo na usingizi zimetumia kiini cha miligramu 300 hadi 600 kwa siku, kwa wiki 8 hadi 12. Kopo linaloeleweka hutaja pia asilimia ya withanolidi, vile viambato ambavyo watengenezaji huvitumia kupima ukali wa dawa: asilimia 5 ya miligramu 300 ni miligramu 15. Kama kopo lako linasema tu "mchanganyiko maalumu" wa mimea saba bila kutaja kila mmoja ni miligramu ngapi, liweke kando. Hakuna mfamasia anayeweza kukupangia dozi ya kitu asichokijua kiasi chake.

Siku nne ni chache mno. Hiki si kidonge cha kumlaza mtu usiku uleule. Kinapofanya kazi, hupunguza msongo taratibu ndani ya wiki kadhaa, na usingizi hufuata. Anza na miligramu 300 za kiini baada ya chakula cha jioni, kwa wiki nzima. Ukinywa tumbo tupu unaweza kupata kichefuchefu au kuharisha. Tumbo likikubali, ongeza miligramu 300 nyingine baada ya kifungua kinywa, na usivuke hapo. Kwenye daftari andika kila asubuhi saa uliyozima taa, mara ulizoamka na saa uliyotoka kitandani. Bila daftari, usiku mmoja mzuri utakufanya uisifu dawa na usiku mmoja mbaya utakufanya uilaani. Wiki 8 zikipita na daftari halionyeshi tofauti, acha. Hata ikikusaidia, usizidishe miezi 3, kwa sababu usalama wake kwa muda mrefu zaidi haujachunguzwa vya kutosha.

Kuna watu ambao hawapaswi kuigusa kabisa: wajawazito, wenye ugonjwa wa ini, na wenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, kwani inaweza kupandisha homoni za tezi hiyo. Wamo pia wenye magonjwa ya kinga kushambulia mwili kama lupasi, na waliopandikizwa figo wanaotumia dawa za kushusha kinga. Anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu aongee na daktari wake kabla, maana vipimo vyote viwili vinaweza kushuka kuliko ilivyokusudiwa.

Halafu kuna suala la ini, nalo tunataka lisomwe mara mbili. Wapo watu walioumia ini kwa ashwagandha, kwa kawaida kati ya wiki ya 2 na ya 12 tangu waanze. Mwaka 2023 nchi ya Denmark iliipiga marufuku kwa sababu za kiusalama. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, ngozi ikawasha bila vipele, au ukihisi maumivu chini ya mbavu za kulia, acha siku hiyohiyo na uende hospitali ukapime ini. Chukua na kopo lako.

Kuhusu ile saa 9 ya usiku: kapsuli haitalipa mkopo, na akili yako inajua. Saa 12 jioni, baada ya kufunga duka, tenga dakika 15 uandike madeni yote, tarehe zake, na hatua moja utakayochukua kesho. Funga daftari. Mawazo yakikuamsha usiku, utakuwa umeshayapa muda wake jioni.

Natumia vidonge vya TLD, namshukuru Mungu afya ni nzuri, lakini tangu nihamishiwe dawa hii usingizi umepungua. Nanywa kidonge usiku kabla ya kulala. Duka moja la virutubisho wameniuzia mchanganyiko wa "utulivu" wenye mitishamba na magnesiamu. Niutumie? — Msomaji, Tabata

Usiufungue kwanza. Ndani ya TLD, kidonge cha kudhibiti VVU, kuna dolutegravir, na kukosa usingizi ni moja ya madhara yake yanayojulikana. Dawa pekee unayohitaji huenda ikawa ni kuhamisha saa. Ongea na muuguzi wako wa CTC, yaani kliniki ya VVU, kuhusu kumeza TLD asubuhi, tuseme saa 1, badala ya usiku. Wengi hupata nafuu kwa hilo tu. Usiruke dozi wakati wa kuhama. Muulize namna ya kuvuka siku ya kwanza.

Magnesiamu hujishika na dolutegravir tumboni na kuizuia isiingie mwilini. Kanuni ni kumeza TLD saa 2 kabla ya magnesiamu, au saa 6 baada yake. Ukihamia asubuhi, magnesiamu ya saa 2 usiku haitakuwa na tatizo. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu zinafuata kanuni hiyohiyo.

Sasa soma orodha ya mimea herufi kwa herufi. Ukiona St. John's wort, au jina lake la kitaalamu Hypericum perforatum, rudisha dukani. Mmea huo huliamsha ini kuvunja dawa nyingine haraka kuliko kawaida, dolutegravir ikiwemo. Dawa ikipungua kwenye damu virusi hupata nafasi ya kuzaliana na kujenga usugu. Huvuruga pia vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi, na athari yake hudumu karibu wiki 2 baada ya kuacha. Kwa hiyo hata dada asiye na VVU, mwenye kijiti mkononi, ausome mstari huu.

Nina mimba ya miezi mitano, usingizi hakuna, miguu inauma. Kuna mmea gani salama? — Mama kijacho, Kigamboni

Hongera, mama. Ashwagandha, valeriani na kava, hapana kwa zote tatu. Lala ubavu wa kushoto, weka mto katikati ya magoti, na kunywa maji mengi mchana, ukipunguza baada ya saa 1 usiku. Kama miguu inawaka na kukulazimisha kuitikisa ukilala, mwambie mkunga wako akupime damu. Upungufu wa madini ya chuma huleta hali hiyo, na dawa yake utaipata kliniki.

Wanangu, mimi ni mzee wa miaka 67, niko Temeke. Nina presha, nimepewa vidonge viwili, kimoja cha maji. Vyote nameza usiku nisije nikasahau. Naamka mara nne kwenda haja ndogo. Mke wangu ananisagia kungumanga kwenye maziwa ya moto, zamani kidogo kilitosha, sasa tumefika nusu ya kokwa. Mjukuu anataka kuniletea valeriani. Mnasemaje?

Shikamoo mzee wetu. Kabla ya kungumanga na valeriani, tuanze na kile kidonge cha maji. Kazi yake ni kutoa maji mwilini kupitia mkojo. Ukikimeza usiku, kinafanya kazi yake usiku. Dawa za kundi hilo, kama furosemidi na haidroklorothiazidi, kwa kawaida humezwa asubuhi. Nenda na vidonge vyote kliniki yako ya presha, uwaambie saa unazomeza, wakupangie upya. Ili usisahau, kiweke karibu na mswaki wa asubuhi. Waombe pia wakupime sukari na tezi dume, maana kuamka mara nne si jambo la kuachia uzee. Kila safari ya chooni gizani ni hatari ya kuanguka na kuvunja nyonga, kwa hiyo acha taa ndogo ikiwaka njiani.

Kungumanga, mzee, tunakuomba muipunguze leo. Ncha ya kijiko kwenye maziwa ni kiungo na haina neno. Kokwa nzima huwa na uzito wa gramu 5 hadi 7, na sumu yake imeonekana kwa watu waliokula kuanzia karibu gramu 5. Nusu ya kokwa imeshakaribia mno, hasa kwa mwenye presha. Ubaya wake ni kwamba haionyeshi mara moja. Dalili huanza baada ya saa 3 hadi 6, hivyo mtu hudhani haijamkolea akaongeza. Ndipo mdomo hukauka, moyo huenda mbio, kizunguzungu na kutapika hufuata, wengine huona vitu visivyokuwepo, na hali hiyo inaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Kule kuona kwamba kidogo hakitoshi tena ndiko kunakotutia wasiwasi.

Valeriani mwambie mjukuu asubiri. Na mama atusaidie jambo moja: je, unakoroma sana, kisha pumzi inakatika na kurudi kwa mshtuko? Kama ndiyo, mweleze daktari. Kukatika pumzi usingizini hupandisha presha, na chochote chenye kulegeza mwili usiku kinaweza kuongeza tatizo.

Habari zenu. Naendesha boda, kijiwe Ubungo. Jamaa anayepitisha dawa za asili aliniuzia chupa ya maji ya kahawia, haina lebo. Kifuniko kimoja, dakika ishirini nimelala kama gogo. Ni miezi mitatu sasa. Nikikosa siku mbili natetemeka, jasho, moyo unapiga. Hii dawa ni kali sana ya asili, au? — Kijana wa boda

Kaka, hatuamini kwamba ni ya asili tupu. Tumepitia mimea inayojulikana kwa kutuliza: valeriani, kamomaili, ashwagandha. Hakuna hata mmoja unaomwangusha mtu ndani ya dakika 20 tangu usiku wa kwanza na kumwacha akitetemeka akiukosa. Dalili unazozieleza ni za mwili uliozoea dawa za kundi la diazepam, ile ambayo wengi huiita valiamu. Kuchanganya dawa za hospitali kwenye "mitishamba" ni ujanja wa zamani. Mwaka 1998 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu dawa ya usingizi iliyouzwa kama ya mimea, kumbe ndani yake mlikuwa na estazolam, ndugu ya diazepam. Anayefanya hivyo hamwambii mnunuzi kiasi alichoweka, na chupa ya leo inaweza kuwa na mara tatu ya ile ya jana.

Usiache ghafla peke yako. Anayekatisha dawa za kundi hili kwa mkupuo anaweza kupata degedege, na degedege juu ya pikipiki ni mauti. Nenda na chupa Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili, useme wazi umetumia kwa muda gani na kiasi gani. Daktari anaweza kukuhamishia kwenye dozi inayojulikana, kisha akaishusha kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Mpaka uonane naye, usiguse pombe wala tramadoli. Vikikutana na dawa hizi, pumzi inaweza kusimama usingizini. Na usiendeshe, hata asubuhi ukijiona mzima, kwani diazepam hukaa mwilini kwa siku kadhaa na kuchelewesha mkono unaposhika breki. Tunajua siku bila kazi ni siku bila hesabu ya bosi. Mwambie bosi unaumwa, kwa sababu unaumwa kweli.

Usiikimbilie piritoni badala yake. Husinzisha kwa siku chache, mwili ukaizoea, na ulevi wake hukufuata mpaka mchana.

Chupa yenyewe usiitupe. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, hupokea taarifa za madhara na dawa zenye mashaka, na hospitali wanaweza kukusaidia kuzipeleka. Dawa ya asili inayouzwa kihalali huwa na lebo, jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya usajili, na muuzaji wake huandikishwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Wauzaji waaminifu wa tiba asili wapo wengi, na wao ndio wa kwanza kuumizwa na huyu wa chupa bila lebo.

Je, mchaichai unaleta usingizi? Na haya maua ya kamomaili ya supamaketi? Jirani anachemsha majani ya pesheni. — Dada wa Mbezi

Mchaichai ni kinywaji kizuri, lakini mwaka 1986 watafiti wa Brazil waliwapa watu chai yake na hawakuona tofauti ya usingizi wala wasiwasi ikilinganishwa na kinywaji kisicho na dawa. Kitu kimoja hapa kwetu huharibu zaidi: wengi huchemsha mchaichai pamoja na majani ya chai. Hapo umekunywa kafeini, ambayo nusu yake huwa bado mwilini baada ya saa 5 hivi. Chemsha mchaichai peke yake.

Kamomaili ina nguvu ndogo, ila inayotengenezwa vibaya haina kabisa. Pakiti moja huwa na gramu 1 hadi 1.5, nawe unahitaji 2 hadi 3, kwa hiyo tia pakiti mbili kwenye kikombe kimoja cha maji yaliyotoka kuchemka, funika na kisahani, subiri dakika 10. Usipofunika, mafuta yake yenye harufu hupotea na mvuke. Kunywa saa moja na nusu kabla ya kulala ili mkojo usikuamshe. Mwenye mzio wa maua ya jamii ya alizeti aiache. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aiache pia, maana inaweza kuongeza hatari ya kutoka damu.

Majani ya pesheni ya jirani huenda si yale yanayotajwa zaidi kwa kutuliza. Inayotumika zaidi ni Passiflora incarnata. Pesheni tunayokamua juisi ni Passiflora edulis, ndugu yake, na majani yake yana viambato vinavyoweza kuzalisha sayanidi. Mle tunda.

Na chochote utakachonunua, usikihifadhi juu ya friji wala jikoni. Unyevu wa Dar hugandisha kapsuli na kuotesha ukungu kwenye unga. Tumia chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, kijipakiti cha kunyonya unyevu kibaki ndani, na iwe kabatini. Unga uliobadilika harufu, tupa.

Nimetumia valeriani miligramu 450 kila usiku kwa wiki sita. Naingia kitandani saa 3, nasinzia saa 5, na saa 10 na nusu alfajiri lazima niamke niwahi mwendokasi Kimara. Hakuna mabadiliko. Nijaribu nini kingine? — Mhasibu, Kimara

Dozi yako ilikuwa sahihi. Kipimo cha kawaida cha kiini ni miligramu 400 hadi 600, nusu saa hadi saa moja kabla ya kulala, na hupewa wiki 2 hadi 4 kuonyesha kazi. Umeipa sita. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilishauri valeriani isitumike kwa tatizo la usingizi la muda mrefu, kwa kuwa ushahidi ni dhaifu. Acha kununua.

Kinachopendekezwa kwanza, hata kabla ya vidonge vya hospitali, ni mazoezi ya kubadili tabia za usingizi. Barua yako yenyewe inaonyesha pa kuanzia: unakaa kitandani saa 7 na nusu ili ulale saa 5 na nusu. Zile saa 2 za kugeukageuka zinaufundisha mwili kwamba kitanda ni mahali pa kuwaza. Kwa wiki mbili usiingie kitandani kabla ya saa 5 usiku, na uamke saa 10 na nusu kila siku, Jumapili pia. Hakuna kulala mchana. Ukikaa macho kwa takriban dakika 20, toka kitandani, keti penye mwanga hafifu bila simu, rudi macho yakiwa mazito. Usiichungulie saa.

Wiki ya kwanza itakuchosha kweli, kwa hiyo usiendeshe gari ukiwa na usingizi. Daftari likionyesha kwamba unalala asilimia 85 au zaidi ya muda unaokaa kitandani, ingia kitandani dakika 15 mapema zaidi, na uendelee hivyo kila wiki. Muda wa kukaa kitandani usishuke chini ya jumla ya saa 5. Mwenye kifafa au ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka asifanye zoezi hili bila daktari.

Joto nalo lishughulikie, hasa Desemba hadi Machi. Mwili hulala unapopoa. Oga maji ya uvuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala, na elekeza feni ipitishe upepo ndani ya chandarua badala ya kukivua.